Nyota huzaliwa gizani: Siri ya mabaka meusi ya angani

MTU anayesimama nje usiku usio na mbalamwezi katika Kaunti ya Marsabit au Turkana, kati ya mwezi wa Mei na Agosti, huona ukanda mpana wa mwanga hafifu ukipanda kutoka kusini na kukatiza anga. Ukanda huo ni Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua na sayari zake zimo. Akiutazama kwa makini, atagundua kwamba haung'ai kote. Katikati yake mna mabaka meusi, mengine marefu kama mito, mengine madogo kama wino uliodondoka kwenye karatasi.

Kwa muda mrefu, wataalamu wa Ulaya waliyachukulia mabaka hayo kuwa mahali patupu pasipo na nyota. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mabaka meusi ni mawingu mazito ya gesi na vumbi yanayozuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, na ni ndani ya mawingu ya aina hiyo ambamo nyota huzaliwa. Jua lenyewe lilitoka katika wingu kama hilo takriban miaka bilioni 4.6 iliyopita.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba zipo jamii ambazo, bila ya kuwa na darubini hata moja, zilikataa kuyaona mabaka hayo kama utupu. Ziliyapa majina, zikayapa miili na macho, na zikayatumia kupima majira. Ili kuelewa jinsi binadamu alivyofikia ujuzi wa leo kuhusu kuzaliwa kwa nyota, ni heri kwanza kutazama picha ambazo watu mbalimbali walizichora angani kwa fikra zao.

Kilimia na wazee wa Kimaasai

Katika Afrika Mashariki, nyota zilizotazamwa mno ni zile za Kilimia, kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana. Jina hilo linatokana na kitenzi 'kulima', na si bure. Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, Kilimia huzama upande wa magharibi pamoja na Jua na kutoweka. Huonekana tena alfajiri upande wa mashariki ifikapo Juni. Ndiyo maana Waswahili wana msemo kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Kwa mkulima asiye na kalenda ukutani, hiyo ilikuwa habari ya kutegemewa.

Wamaasai nao walikuwa na hesabu yao. Alfred Claud Hollis, afisa wa utawala wa Uingereza aliyechapisha kitabu kuhusu jamii hiyo mnamo 1905, aliandika kwamba waliziona nyota hizo kama ng'ombe wanaofuatana, na kwamba zilipotoweka machoni walijua mvua kubwa imekwisha. Kundi jingine walilolipa jina ni lile ambalo Waarabu, na kupitia kwao Waswahili, huliita Jabari. Nyota tatu za mshipi wake zilikuwa kwao wajane, na zile ndogo zinazoning'inia chini ya mshipi, mahali panapodhaniwa kuwa na upanga, zilikuwa wazee. Wajane hao, kwa simulizi hiyo, waliwafuata wazee hao kila usiku.

Kwa Wanandi, kwa mujibu wa kitabu kingine cha Hollis cha mwaka wa 1909, Njia Nyeupe ilikuwa ziwa la nyota, ambamo watoto wa nyota huoga na kucheza. Ni vigumu kuisoma simulizi hiyo leo bila ya kutabasamu, kwa kuwa wanasayansi wa sasa wangekubali nusu yake: watoto wa nyota wamo humo kweli.

Majina mengine mengi yalikuja Pwani pamoja na upepo wa kaskazi. Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali na Utaridi ni majina ya sayari yaliyotoka katika Kiarabu. Hata Wazungu walikopa kutoka chemchemi hiyo hiyo. Nyota nyekundu inayofuata nyuma ya Kilimia wanaiita Aldebaran, neno la Kiarabu lenye maana ya 'mfuasi', na ile inayong'aa mguuni mwa Jabari wanaiita Rigel, yaani 'mguu'. Mtaalamu wa Kiajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alizikusanya nyota za aina hiyo katika kitabu mnamo mwaka wa 964, akizichora kundi baada ya kundi. Nahodha na mtunzi mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, Ahmad ibn Majid, aliandika jinsi ya kusafiri katika Bahari ya Hindi kwa kupima kimo cha nyota. (Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mnamo 1498, lakini wanahistoria waliochunguza suala hilo wameikataa hadithi hiyo.)

Si kila kinachoitwa nyota, hata hivyo, ni nyota. Methali isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi bila shaka ilichochewa na kile kimulimuli kikubwa cha alfajiri, ambacho mara nyingi huwa ni Zuhura. Zuhura ni sayari: haina mwanga wake wenyewe, bali hurudisha mwanga wa Jua. Vilevile, ni muhimu kutochanganya falaki, ambayo ni sayansi ya kuchunguza vitu vya angani, na unajimu, ambao hudai kusoma bahati ya mtu katika nyota na haujawahi kuthibitishwa.

Lama na emu walio gizani

Picha zote zilizotajwa hadi hapa zimechorwa kwa kuunganisha nukta zenye mwanga. Katika milima ya Andes huko Amerika Kusini, Wainka na majirani zao walifanya hivyo pia, lakini waliongeza jambo ambalo halikuwapo katika falaki ya Wagiriki wala ya Waarabu. Walichora kwa kutumia giza. Lile baka refu jeusi lililo kusini mwa Njia Nyeupe lilikuwa lama, mnyama wa milimani wa jamii ya ngamia, na lilijulikana kama Yacana. Mkusanyo wa simulizi za eneo la Huarochirí nchini Peru, ulioandikwa kwa lugha ya Kikechua mwanzoni mwa karne ya 17, unaeleza kwamba Yacana hushuka usiku wa manane na kunywa maji ya bahari, la sivyo dunia yote ingegharikishwa. Macho ya lama huyo ni zile nyota mbili angavu zilizo karibu na Msalaba wa Kusini. Mbele yake yupo ndege mweusi afananaye na kwale, na kando wapo mbweha, chura na nyoka, wote wakiwa ni maumbo ya giza.

Mbali sana na huko, nchini Australia, wenyeji wa asili nao waliyatazama mabaka yaleyale na kumwona emu, ndege mkubwa asiyeruka anayefanana na mbuni. Kichwa chake ni baka jeusi lililo ubavuni mwa Msalaba wa Kusini, shingo yake inashuka kupitia zile nyota mbili angavu, na kiwiliwili chake kinajaa hadi karibu na kundi la Nge. Kwa jamii za Kamilaroi na Euahlayi, emu huyo hakuwa pambo. Jioni za Aprili na Mei anaonekana kana kwamba anakimbia, na huo ndio msimu ambapo emu wa nyikani hutafuta wenzi na kutaga. Katikati ya mwaka mkao wake hubadilika, naye huonekana kama aliyeketi juu ya kiota. Aliyejua kusoma anga alijua lini mayai yanapatikana.

Mabara haya mawili hayakuwa na mawasiliano yoyote. Yalichokuwa nacho kwa pamoja ni anga ya kusini, ambako sehemu nene na yenye mwanga mwingi zaidi ya Njia Nyeupe hupita juu ya vichwa vya watu, na mabaka meusi hujitokeza waziwazi. Wagiriki na Wazungu wa kaskazini walinyimwa sehemu kubwa ya mandhari hayo na umbo la dunia.

'Shimo' la Herschel

Mwishoni mwa karne ya 18, William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza na kugundua sayari ya Uranus mnamo 1781, alikuwa akichunguza anga kwa darubini aliyoiunda mwenyewe huku dadake, Caroline, akiandika kila alichokitaja. Alipofika karibu na kundi la Nge, nyota zilikatika ghafla. Caroline alikumbuka baadaye kwamba kakake alikaa kimya kwa muda, kisha akapaaza sauti kwamba hapo pana shimo mbinguni. Herschel aliamini kwamba nyota za eneo hilo zilikuwa zimevutwa na kukusanyika katika kishada kilicho jirani, zikaacha pengo.

Dhana hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliyeanza kuivunja alikuwa Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyezaliwa katika umaskini huko Nashville mnamo 1857 na ambaye alianza kazi katika studio ya mpigapicha akiwa bado mtoto. Stadi hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye darubini. Picha zake za Njia Nyeupe zilionyesha mabaka yenye kingo zilizochongoka na mikia iliyojipinda, maumbo ambayo tundu tupu lisingeweza kuwa nayo. Aidha, ili mabaka hayo yawe matundu, ingelazimu kila moja liwe handaki refu lililoelekea moja kwa moja duniani, jambo lisiloingia akilini. Hata hivyo, Barnard alisitasita kwa miaka mingi kabla ya kukubali kile picha zake zilichokuwa zikimwambia. Mnamo 1919 alichapisha orodha ya mabaka 182. Miaka kumi na moja baadaye, Robert Trumpler alithibitisha kwamba vumbi limetapakaa kati ya nyota na kufifisha mwanga wake.

Ilibaki kujulikana kazi ya mawingu hayo. Mnamo 1947, Bart Bok, Mholanzi aliyehamia Marekani, akishirikiana na Edith Reilly, alidokeza kwamba vile vidonge vidogo vyeusi vinavyoonekana mbele ya gesi inayong'aa ni kama vifukofuko vya wadudu, na kwamba ndani yake nyota zinaumbwa. Lilikuwa ni wazo lisiloweza kuthibitishwa wakati huo, maadamu hakuna darubini ya kawaida iliyoweza kupenya vumbi. Bok alifariki mnamo 1983. Miaka saba baadaye, João Yun na Dan Clemens walichapisha ushahidi, kwa kutumia mawimbi ya infraredi, kwamba vidonge vingi vya aina hiyo vina nyota changa ndani yake.

Safari ya wingu kuwa nyota

Kwa nini nyota, kitu chenye joto kupindukia, izaliwe mahali penye baridi na giza? Jibu limo katika mashindano ya nguvu mbili. Uvutano wa wingu lenyewe hujaribu kulikusanya kuelekea katikati. Joto la gesi, kwa upande wake, huzifanya molekuli zikimbie huku na huko na kulisukuma wingu nje. Mahali gesi ilipo na joto, uvutano hushindwa. Mahali ilipopoa vya kutosha, msukumo hulegea na uvutano hupata nafasi. Mwingereza James Jeans alikokotoa mwaka wa 1902 kiasi cha gesi kinachohitajika ili uvutano ushinde, na hesabu yake ingali inatumika.

Hapo ndipo giza linapofaa. Vumbi la mawinguni ni punje ndogo mno, mithili ya chembe za moshi, na ni kama asilimia moja tu ya uzito wa wingu. Sehemu iliyobaki karibu yote ni haidrojeni na heliamu. Lakini vumbi hilo dogo ni kivuli tosha. Huzuia mwanga wa nyota za jirani usiingie na kulipasha wingu joto, na juu ya punje zake atomu za haidrojeni hukutana na kuungana kuwa molekuli. Ndani kabisa, halijoto hushuka hadi karibu nyuzi 263 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Bila kivuli hicho, gesi ingebaki na joto na nyota zisingezaliwa kwa namna zinavyozaliwa leo.

Mfano bora ni kidonge kinachojulikana kama Barnard 68, kilichoko umbali wa takriban miaka-nuru 500. (Mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, yaani karibu kilomita trilioni 9.5.) Katika picha ya kawaida ni weusi mtupu, kana kwamba mtu ameichoma anga kwa sigara. Katika picha ya infraredi, nyota zilizo nyuma yake huonekana zikipenya. Mnamo 2001, João Alves na wenzake walitumia nyota hizo kupima unene wa vumbi kutoka ukingoni hadi katikati. Waligundua kwamba kidonge hicho, chenye upana wa takriban nusu mwaka-nuru na uzito wa Majua mawili hivi, kipo ukingoni kabisa mwa kuporomoka. Kikiporomoka, mahali hapo Herschel angepaita shimo patakuwa na nyota.

Kuporomoka kwenyewe huanza taratibu. Katikati ya wingu hujilimbikiza kwanza, na gesi ya pembeni huifuata. Kila wingu huwa na mzunguko fulani hata kama ni mdogo, na linapojikunja mzunguko huo huongezeka kasi, sawa na mtu anayezunguka akiwa amenyoosha mikono kisha akaikunja kifuani. Kwa hivyo si gesi yote inayoanguka moja kwa moja katikati. Nyingine hutanda kuzunguka kiini hicho na kuwa sahani bapa. Wakati huohuo, ncha za juu na chini hufyatua mikondo ya gesi inayokwenda kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na ambayo hupasua wingu lililokizunguka.

Kitu kilicho katikati bado si nyota kamili. Kinang'aa kwa joto linalotokana na kujiminya kwake chenyewe. Ni pale halijoto ya kiini inapofikia takriban nyuzi milioni 10 ndipo viini vya haidrojeni vinapoanza kuungana kuwa heliamu na kutoa nishati mpya. Jua lilichukua kama miaka milioni 50 kufikia hali tulivu lililonayo. Hivi sasa huunguza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kila sekunde, na tani zipatazo milioni nne kati ya hizo hugeuka kuwa nishati.

Kwamba nyota zimeundwa hasa kwa haidrojeni lilikuwa jambo geni hadi 1925, pale Cecilia Payne, mwanamke Mwingereza aliyekuwa akisoma Marekani, alipolionyesha katika tasnifu yake. Mmoja wa wakuu wa falaki wa siku hizo alimshawishi aandike kwamba matokeo yake huenda si sahihi. Miaka michache baadaye mkuu huyo alifikia jibu lilelile. Mnamo 1939 Hans Bethe alieleza kinaganaga jinsi viini vya haidrojeni vinavyoungana.

Si kila kidonge kinachofaulu. Kikiwa na chini ya takriban asilimia nane ya uzito wa Jua, kiini hakipati joto la kutosha, na kinachozaliwa hufifia polepole bila ya kuwa nyota. Kwa upande mwingine, nyota zenye uzito mkubwa mno huunguza akiba yao kwa pupa na kulipuka baada ya miaka milioni chache tu. Milipuko hiyo, pamoja na nyota nyingine zinazokufa, hurudisha angani kaboni, oksijeni na chuma, ambavyo huingia katika mawingu mapya. Kenya ina sehemu yake katika utafiti wa mwisho huo wa nyota: setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka kituo cha San Marco karibu na Malindi mnamo Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kutambua Cygnus X-1, inayokubalika leo kuwa shimo jeusi lililoachwa na nyota kubwa.

Kwa jumla, uzazi huu ni wa kujizuia. Sehemu ndogo tu ya wingu hugeuka nyota kabla ya mwanga na upepo wa nyota changa kulitawanya lililobaki. Katika Njia Nyeupe yote, gesi inayogeuka nyota kwa mwaka mmoja inakadiriwa kutosha kuunda Majua mawili hivi.

Wazee ambao ni watoto wachanga

Macho ya kupenya vumbi yalipatikana hatua kwa hatua. Mnamo 1970 mawimbi ya redio ya monoksidi ya kaboni yalinaswa kutoka mawingu ya angani, na tangu hapo wataalamu wakaweza kuyapima hata yalipokuwa meusi tititi. Mnamo 1983 setilaiti ya IRAS ilichora ramani ya anga kwa infraredi. Mnamo 2014 darubini ya ALMA iliyoko Chile ilipiga picha ya nyota changa HL Tauri, yenye umri wa miaka isiyozidi milioni moja hivi, ikiwa imezungukwa na sahani ya vumbi yenye mifereji kama ya sahani ya santuri. Wengi huamini kwamba mifereji hiyo inachimbwa na sayari zinazoumbwa. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, hutazama kwa infraredi na imeonyesha nyota nyingi ambazo picha za zamani ziliziacha zimefunikwa.

Lakini mfano mmoja hauhitaji darubini. Kati ya Desemba na Machi, Jabari hupita juu kabisa ya Kenya wakati wa jioni. Katikati ya upanga wake pana kitu chenye ukungu: ni wingu lililoko takriban miaka-nuru 1,300, lililopasuka na kuangazwa na nyota zilizozaliwa humo, nyingi zikiwa na umri wa miaka milioni moja au mbili tu. Hao ndio 'wazee' wa Kimaasai. Miongoni mwa nyota zote zinazoonekana kwa macho kutoka Narok au Kajiado, ni miongoni mwa zilizo changa kabisa.

Kilimia kina umri mkubwa zaidi, yapata miaka milioni 100. Kilipozaliwa, dinosau walikuwa wangali wakitembea duniani. Galileo alipokielekezea darubini na kuchapisha mchoro wake mnamo 1610, alionyesha nyota zaidi ya 30 mahali macho huona sita. Leo zinajulikana kuwa zaidi ya elfu moja. Zote zilitoka katika wingu moja. Ukungu wa samawati unaoonekana katika picha zake mara nyingi hudhaniwa kuwa mabaki ya wingu hilo, lakini sivyo. Ni vumbi jingine ambalo kishada hicho kinapitia tu njiani.

Nguzo za Kalokol

Mjadala kuhusu ujuzi wa nyota nchini Kenya haukamiliki bila ya kutaja nguzo 19 za mawe zilizoko karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali panapoitwa Namoratunga. Kwa simulizi ya Waturkana, ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Mnamo 1978, B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota zinazotumiwa na Waborana katika kalenda yao, zikiwemo Kilimia na za Jabari, na kwamba ni za karibu mwaka wa 300 kabla ya Kristo. Madai hayo yalienea haraka na yangali yanarudiwa.

Tatizo ni kwamba mnamo 1982 Robert Soper alizipima upya nguzo hizo na kutofautiana na vipimo vya awali. Isitoshe, uchimbaji uliofanywa baadaye na kundi la Elisabeth Hildebrand umeziweka nguzo za Kalokol pamoja na maeneo mengine ya nguzo kando ya ziwa hilo, yaliyojengwa na wafugaji wa mwanzo miaka kati ya 5,000 na 4,000 hivi iliyopita. Katika eneo mojawapo, Lothagam Kaskazini, utafiti uliochapishwa mnamo 2018 ulikadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa humo. Yalikuwa makaburi ya jamii nzima. Kuyaita 'chumba cha kutazamia nyota' ni kuyapunguzia heshima yake, na pia ni kuisahau kalenda yenyewe ya Waborana, ambayo haihitaji mawe yoyote ili kuheshimiwa. Wajuzi wao, ayyantu, hulinganisha mwandamo wa mwezi na nyota saba au makundi yake, kuanzia Kilimia na jirani zake hadi Jabari na ile nyota angavu kuliko zote, wakapata mwaka wa miezi 12 na siku 354. Kalenda hiyo ilielezwa kwa kina na Asmarom Legesse katika kitabu chake kuhusu Gada mnamo 1973.

Giza linalopungua

Kile Wainka walichokitazama kila usiku sasa ni nadra kwa wakazi wengi wa mijini. Ramani ya mwanga wa usiku iliyochapishwa mnamo 2016 na Fabio Falchi na wenzake ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Barani Ulaya ni takriban asilimia 60, na Amerika Kaskazini karibu asilimia 80. Taa zisizokingwa kwa juu hurusha mwanga angani, nao hutawanywa na hewa. Nyota angavu huvumilia, ila mabaka meusi ndiyo hutoweka kwanza, kwa kuwa hayaonekani ila kwa kuwekwa mbele ya mwanga hafifu wa nyuma. Ndiyo maana mtoto wa Nairobi anaweza kuujua mshipi wa Jabari na asijue kamwe kwamba anga ina madoa.

Kaskazini mwa Kenya bado kuna nafasi. Katikati ya Mei, kati ya saa tatu na saa nne za usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima upande wa kusini, si juu sana kutoka upeo wa macho. Upande wake wa kushoto zipo zile nyota mbili angavu, macho ya Yacana. Chini kidogo, kushoto mwa Msalaba, pana baka jeusi ambalo kwa Waaustralia wa asili ni kichwa cha emu na kwa Wainka ni kwale. Liko umbali wa takriban miaka-nuru 600. Wataalamu wamelipekua kwa redio na kwa infraredi, na hadi sasa hawajathibitisha nyota hata moja inayozaliwa ndani yake. Baadhi yao hulichukulia kuwa wingu changa, ambalo kazi yake haijaanza.